Mwongozo kamili wa grafu ya mahitaji na ugavi: namna ya kujua mstari upi umehama

Mpe mwanafunzi wa muhula wa kwanza swali hili: kipato cha watu kimeongezeka, eleza kitakachotokea kwa bei na idadi ya madaftari yanayouzwa. Majibu mengi huanza vizuri, kisha huharibika kwenye sentensi ya tatu. Kipato kimepanda, kwa hiyo mahitaji yanapanda. Mahitaji yakipanda, bei inapanda. Bei ikipanda, mahitaji yanashuka. Yakishuka, bei nayo inashuka. Hadi mwisho wa ukurasa bei imerudi ilikotoka, na mwanafunzi ameandika aya nne kueleza kwamba hakuna kilichotokea.

Aliyeandika hivyo si mvivu. Mara nyingi amekariri kanuni zote na kila moja, ikisimama peke yake, ni sahihi. Tatizo ni kwamba anaita "mahitaji" vitu viwili tofauti: mstari mzima, na nukta moja iliyo juu ya mstari huo. Mwongozo huu umeandikwa kuondoa mkanganyiko huo tu. Mengine, kama msawazo, upungufu, unyumbufu na kodi, yatajipanga yenyewe njiani.

Usiusome kama hadithi. Kaa na penseli na uchore kila hatua.

## Vifaa

- Karatasi ya grafu, au karatasi yoyote yenye miraba
- Rula, kifutio na penseli
- Kalamu mbili za rangi tofauti: moja ya mahitaji, nyingine ya ugavi
- Kikokotoo, ukitaka. Namba zote zimechaguliwa ziwe nyepesi

Bei katika mfano wetu hazina jina la fedha. Sita ni sita. Weka fedha unayoitumia wewe.

## Hatua ya 1: Andika soko lako kwa sentensi moja

Juu ya karatasi andika: *Soko la madaftari, kwa wiki moja.* Hiyo tu.

Inaonekana ni jambo dogo, lakini namba ya mahitaji isiyo na muda haina maana. "Watu wanataka madaftari 60" ni kwa siku, kwa wiki au kwa mwaka? Ukiacha muda nje, mbele utajikuta unalinganisha mauzo ya wiki na uzalishaji wa mwezi bila kujua.

Tahadhari: mahitaji si hamu. Anayetamani daftari na hana fedha, au anazo ila hayuko tayari kuzitoa kwa bei hiyo, hahesabiwi. Katika somo hili mtu huingia kwenye mahitaji pale tu anapotaka, anaweza na yuko tayari kulipa.

## Hatua ya 2: Tengeneza jedwali kabla ya grafu

Wengi hurukia mchoro. Wanachora msalaba wa mistari miwili bila namba, na baadaye hawana cha kujisahihishia. Anza na jedwali:

| Bei | Kiasi ambacho wanunuzi wangenunua | Kiasi ambacho wauzaji wangeuza |
|---|---|---|
| 2 | 100 | 0 |
| 4 | 80 | 30 |
| 6 | 60 | 60 |
| 8 | 40 | 90 |
| 10 | 20 | 120 |

Angalia vitenzi vya vichwa vya safu: *wangenunua*, *wangeuza*. Jedwali halisemi kwamba wiki hii watu wamenunua 100, kisha 80, kisha 60. Linajibu maswali matano yaliyoulizwa kwa wakati mmoja: bei ingekuwa 2, mngenunua ngapi? Ingekuwa 4 je? Siku ikifika, ni safu mlalo moja tu itakayotokea kweli. Nyingine zote ni majibu ya maswali ambayo soko halikuuliza.

Shika hapo kabisa. Safu nzima ya pili, kutoka juu hadi chini, ndiyo mahitaji. Namba moja ndani yake, kwa mfano 60, ni kiasi kinachohitajiwa kwa bei ya 6. Vivyo hivyo, safu ya tatu nzima ni ugavi, na namba moja ndani yake ni kiasi ambacho wauzaji wangeuza kwa bei fulani.

Kwa nini safu ya pili inashuka bei ikipanda? Baadhi ya wanunuzi hujitoa, wengine huhamia kwenye kitu kingine kinachofanya kazi hiyohiyo, na hata wanaobaki hawaoni thamani kubwa katika daftari la tano kama waliyoiona katika la kwanza.

Safu ya tatu inapanda kwa sababu ya gharama ya fursa. Mashine inayochapa madaftari ingeweza kuchapa kalenda. Kwa bei ya 2, kila mchapaji anaona ni heri kalenda, hivyo madaftari ni 0. Bei ikipanda, mashine zinaanza kuachana na kalenda: kwanza zile zisizopoteza kingi kwa kuhama, baadaye hata zilizokuwa zinapata vizuri huko. Gharama ya fursa ni thamani ya lile bora zaidi uliloliacha. Si jumla ya yote uliyoyaacha, maana hata usingechapa madaftari, mashine moja isingefanya kazi nyingine zote kwa pamoja.

Umefaulu ikiwa unaweza kufunika safu moja kwa mkono na kueleza ile iliyobaki bila kuitaja iliyofunikwa. Wanunuzi hawajui gharama za mchapaji, na mchapaji hajui mifuko ya wanunuzi. Wanakutana kwenye bei tu.

## Hatua ya 3: Chora

Bei iwe kwenye mhimili wima, kiasi kwenye mhimili mlalo. Waliotoka darasa la hisabati hulalamika hapa, na wana haki: walifundishwa kwamba kinachosababisha hukaa chini na kinachosababishwa hukaa pembeni. Utaratibu huu wa kinyume ulienezwa na mwanauchumi wa Uingereza, Alfred Marshall, mwishoni mwa karne ya 19, na hakuna aliyefaulu kuuondoa. Ukiugeuza, mchoro wako utakuwa sahihi kwako na makosa kwa kila atakayeusoma.

Gawa mhimili wima kwa 2 hadi 12, na mhimili mlalo kwa 20 hadi 140. Kwa kalamu ya kwanza weka nukta za mahitaji, ukianza na ile iliyo kwenye kiasi 100 na bei 2, kisha 80 na 4, uendelee hivyo. Ziunganishe kwa rula. Kwa kalamu ya pili weka nukta za ugavi. Nukta ya kwanza, kiasi 0 kwa bei ya 2, inakaa juu ya mhimili wima wenyewe. Usiisogeze pembeni eti ionekane vizuri.

Wanaopenda milinganyo waandike pembeni, B ikiwa bei na K kiasi:

Mahitaji: K = 120 − 10B
Ugavi: K = 15B − 30

Umefaulu ikiwa mistari inakatana palepale kwenye bei 6 na kiasi 60. Ikikatana kwingine, kuna nukta umeiweka vibaya. Tafuta kwanza kwenye mstari wa ugavi, huko ndiko watu huteleza.

## Hatua ya 4: Thibitisha msawazo kwa kujaribu bei mbaya

Usiseme tu "msawazo ni pale mistari inapokatana." Hiyo ni jiometria. Sababu ya kiuchumi unaiona ukiweka bei isiyo sawa.

Weka rula mlalo kwenye bei ya 8. Wanunuzi wanataka 40, wauzaji wameleta 90. Kuna ziada ya 50 iliyokaa rafuni. Mwenye mzigo usiotoka hupunguza bei kabla ya jirani yake hajafanya hivyo. Bei inateremka.

Shusha rula hadi 4. Yanayotakiwa ni 80, yaliyopo ni 30. Kuna upungufu wa 50. Madaftari yanaisha mapema, wanunuzi wako tayari kuongeza kidogo ili wasikose, na muuzaji anaona hana sababu ya kuuza kwa 4. Bei inapanda.

Kwenye 6 pekee hakuna mwenye sababu ya kuisukuma bei popote. Hiyo ndiyo maana ya msawazo. Haimaanishi kwamba kila mtu ameridhika, wala kwamba bei ni ya haki. Yule aliyekuwa tayari kulipa 5 tu ameondoka mikono mitupu.

Tahadhari: upungufu na uhaba ni mambo mawili. Upungufu hutokea bei ikiwa chini ya msawazo, na huisha bei ikipanda. Uhaba ni hali ya kudumu: rasilimali ni chache kuliko matakwa ya watu, ndiyo sababu somo zima la uchumi lipo. Kwenye bei ya 6 upungufu umekwisha. Uhaba uko palepale.

Na mamlaka ikiamuru kwamba bei isizidi 4? Rula inabaki kwenye 4 na upungufu wa 50 haupati njia ya kuisha. Yale madaftari 30 yatagawanywa kwa namna nyingine, kama foleni, kujuana au kuuziana kwa siri. Ikiamuru bei isizidi 9, hakuna kitakachotokea, kwa sababu soko lilikuwa kwenye 6 tayari. Swali hili la pili hupenda kutokea kwenye mtihani, na wengi huandika ukurasa mzima wa matokeo ambayo hayapo.

## Hatua ya 5: Uliza swali moja kabla ya kugusa penseli

Hapa ndipo mwongozo wote ulipo. Pita polepole.

Ukipewa tukio lolote, uliza: kama bei ingebaki ileile ya jana, je, huyu mtu angetaka kiasi tofauti leo?

Jibu likiwa ndiyo, mstari wake umehama. Futa, chora mwingine. Jibu likiwa hapana, yaani anabadilisha kiasi kwa sababu tu bei imebadilika, mstari haujaguswa. Anatembea juu ya mstari uleule kutoka nukta moja hadi nyingine.

Uliza mara mbili, moja kwa mnunuzi na moja kwa muuzaji.

Jaribu na kipato kilichoongezeka. Mnunuzi: bei ikibaki 6, angetaka madaftari zaidi? Ndiyo, ana fedha zaidi. Mstari wa mahitaji umehama. Muuzaji: bei ikibaki 6, angechapa zaidi kwa sababu tu mifuko ya wengine imenona? Hapana. Gharama zake hazijabadilika. Mstari wa ugavi umekaa.

Sasa jaribu na bei ya karatasi ya kuchapia iliyopanda. Wengi husikia neno "bei" na kukimbilia kusema "watu watanunua kidogo, mahitaji yamepungua." Tulia, uliza swali. Mnunuzi, daftari likibaki 6, anajali karatasi ya kiwandani imenunuliwa kwa kiasi gani? Hajali na wala hajui. Mstari wake haujahama. Mchapaji ndiye anayejali: kwa bei ileile ya 6, sasa anaona heri achape machache.

Yanayohamisha mstari wa mahitaji kwa kawaida ni kipato, bei za bidhaa nyingine (mbadala, au zile zinazotumika pamoja na hii), ladha, idadi ya wanunuzi, na wanavyotarajia kuhusu kesho. Yanayohamisha mstari wa ugavi ni gharama za malighafi na kazi, teknolojia, kodi na ruzuku, idadi ya wauzaji, na matarajio yao. Pitia orodha zote mbili tena. Bei ya daftari lenyewe haimo. Haiwezi kuwamo, kwa sababu tayari iko kwenye mhimili wima. Kubadilika kwake ni kupanda au kushuka kwenye mstari uliokwisha kuuchora.

Tahadhari tatu. Kwanza, sema mstari umehama *kulia* au *kushoto*, usiseme juu au chini. Ugavi ukipungua, mstari wake kwa macho huonekana umepanda, na neno "juu" litakudanganya ukaandika kwamba ugavi umeongezeka.

Pili, kipato kikiongezeka si kila bidhaa hunufaika. Zipo ambazo watu huziacha wakipata nafuu, kama vitu vilivyokwisha kutumika ambavyo mtu hununua kwa kuwa vipya vimemshinda. Hizo huitwa bidhaa duni, na mstari wake huhama kushoto. Uduni hapa hausemi chochote juu ya ubora. Unasema tu watu hufanya nini kipato kikibadilika.

Tatu, tukio moja kwa kawaida huhamisha mstari mmoja. Ukijikuta umehamisha yote miwili, rudia swali. Huenda ukaona mstari wa pili umeuhamisha kwa sababu bei imebadilika, na hilo ndilo kosa lenyewe.

## Hatua ya 6: Hamisha mstari, ufuate namba tatu

Kipato kimeongezeka, na kwa kila bei wanunuzi wanataka madaftari 25 zaidi. Ongeza 25 kwenye safu yote ya pili: 125, 105, 85, 65, 45. Chora mstari mpya kwa kalamu ileile ya mahitaji, ule wa zamani uuache ukiwa hafifu.

Fuata sasa kilichotokea, namba kwa namba.

60. Hapa ndipo tulipokuwa. Bei 6, wanunuzi wanataka 60, wauzaji wanaleta 60.

85. Mstari umehama na bei bado ni 6. Wanunuzi wanataka 85, wauzaji wana 60 zilezile. Upungufu ni 25.

75. Upungufu unaisukuma bei kupanda. Kila inapopanda, wauzaji wanatembea kwenye mstari wao, 60 kuelekea juu, na wanunuzi wanatembea kwenye mstari wao *mpya*, 85 kurudi nyuma. Wanakutana kwenye 75, bei ikiwa 7.

Hakiki: 145 − 10B = 15B − 30, hivyo 25B = 175, B = 7.

Lile duara la mwanzo limekatika wapi? Kwenye sentensi ya tatu: "bei ikipanda, mahitaji yanashuka." Kitu fulani kilishuka kweli, kutoka 85 hadi 75. Lakini ni kiasi kinachohitajiwa kilichopungua, juu ya mstari mpya. Mahitaji, yaani mstari wenyewe, hayajarudi nyuma hata kidogo. Na kwa kuwa hakuna mstari uliohama mara ya pili, hakuna cha kuishusha bei. Imefika 7 na imesimama.

Umefaulu ikiwa maelezo yako yana kuhama kumoja, kutembea kuwili, na mwisho.

## Hatua ya 7: Fanya hivyohivyo upande wa ugavi, kisha linganisha

Rudisha mstari wa mahitaji mahali pake pa zamani. Bei ya karatasi imepanda. Kwa kila bei wachapaji wanaleta madaftari 25 pungufu. Kwa bei ya 4 yanabaki 5, kwa 6 yanabaki 35, kwa 8 ni 65, kwa 10 ni 95. Kwa bei ya 2 walikuwa na 0, na chini ya sifuri haiendi, iache 0.

Kwenye bei ya 6 wanunuzi wanataka 60 na yaliyopo ni 35. Upungufu ni 25 tena. Bei inapanda, na mistari inakutana kwenye bei 7, kiasi 50.

Weka michoro miwili kando kwa kando. Bei ni 7 kote kuwili. Ukiambiwa tu kwamba daftari limepanda kutoka 6 hadi 7, huwezi kujua kama watu wametajirika au karatasi imekuwa ghali. Kinachofichua ni kiasi: 75 kule, 50 huku. Bei na kiasi vikienda upande mmoja, mahitaji ndiyo yaliyohama. Vikipishana, ni ugavi.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande chenye manufaa kuliko vyote katika somo la kwanza la uchumi, na ajabu ni kwamba hupitiwa haraka. Mfanyabiashara anayeona bei ya bidhaa yake inapanda na kuongeza uzalishaji mara moja amesoma nusu ya habari. Kama bei imepandishwa na gharama, soko limesinyaa, na mzigo alioongeza utamkalia.

Na matukio yote mawili yakija pamoja? Mahitaji yanahama kulia kwa 25, ugavi kushoto kwa 25. Katika mfano wetu bei inafika 8 na kiasi 65. Ila usipopewa namba, andika hivi: bei itapanda kwa hakika, kiasi hakijulikani, kwa sababu tukio moja linakivuta juu na jingine linakivuta chini. Kuandika "hakijulikani" si kukwepa swali. Hilo ndilo jibu.

## Hatua ya 8: Pima unyumbufu, na usiuchanganye na mteremko

Tumia mstari wa mahitaji wa mwanzo. Zidisha bei kwa kiasi upate mapato:

| Bei | Kiasi | Mapato |
|---|---|---|
| 2 | 100 | 200 |
| 4 | 80 | 320 |
| 6 | 60 | 360 |
| 8 | 40 | 320 |
| 10 | 20 | 200 |

Mstari umenyooka, mteremko haubadiliki: kila bei ikipanda kwa 2, kiasi kinapungua kwa 20. Hata hivyo kupandisha bei kutoka 4 hadi 6 kunaongeza mapato, na kupandisha kutoka 6 hadi 8 kunayapunguza. Wanunuzi hawaitikii kwa uzito mmoja, kwa sababu 20 kati ya 80 ni sehemu ndogo na 20 kati ya 60 ni sehemu kubwa zaidi. Unyumbufu hupima mwitikio kwa asilimia: asilimia ya mabadiliko ya kiasi, gawanya kwa asilimia ya mabadiliko ya bei.

Hapa kuna mtego. Kutoka 4 kwenda 6, bei imepanda 50% na kiasi kimepungua 25%. Unyumbufu ni 0.5. Rudi kutoka 6 kwenda 4: bei imeshuka 33.3% na kiasi kimepanda 33.3%, unyumbufu ni 1. Njia moja, majibu mawili. Dawa yake ni kugawanya kwa wastani wa mwanzo na mwisho. Kiasi: 20 gawanya kwa 70, ni 28.6%. Bei: 2 gawanya kwa 5, ni 40%. Unyumbufu ni 0.71, uende au urudi. Kati ya 6 na 8 unapata 40% gawanya kwa 28.6%, yaani 1.4. (Alama ya kutoa huachwa, kwa kuwa kila mtu anajua mstari unashuka.)

Chini ya 1, kupandisha bei huongeza mapato. Juu ya 1, huyapunguza. Jedwali limekuonyesha kabla ya kikokotoo.

Tahadhari: mapato si faida. Tuseme ni muuzaji mmoja tu sokoni, na kila daftari linamgharimu 2. Kwa bei ya 6 anabaki na 360 − 120 = 240. Kwa 7 anauza 50: 350 − 100 = 250. Kwa 8: 320 − 80 = 240. Bei iliyompa mapato makubwa kabisa siyo iliyompa faida kubwa kabisa. Toa sasa pango la 90 la wiki, analolipa hata asipouza kitu: 150, 160, 150. Bei bora imebaki 7 ileile. Gharama zisizobadilika, kwa muda mrefu, husaidia kuamua kama biashara ifungwe au iendelee. Hazikuambii daftari liuzwe kwa ngapi.

## Hatua ya 9: Jipime kwa kodi

Rudi kwenye jedwali la mwanzo. Muuzaji sasa anatozwa kodi ya 5 kwa kila daftari analouza. Tafuta bei mpya, kiasi, na ni nani aliyeibeba kodi. Fanya kabla ya kusoma chini.

Swali la hatua ya 5: mnunuzi, daftari likibaki 6, angetaka kiasi tofauti? Hapana. Muuzaji? Ndiyo, kwa sababu katika kila 6 inabaki 1 mkononi mwake. Ugavi unahama kushoto. Kwa bei yoyote ile, muuzaji anafanya kama alivyokuwa akifanya kwa bei iliyo pungufu kwa 5, hivyo K = 15(B − 5) − 30.

Ukiuweka sawa na 120 − 10B unapata B = 9 na K = 30. Mnunuzi analipa 9 badala ya 6, amebeba 3. Muuzaji anabaki na 4 badala ya 6, amebeba 2. Serikali inapata 5 × 30 = 150. Mnunuzi amebeba zaidi kwa sababu hapa ndiye asiyeitikia sana: bei ikibadilika kwa 1 yeye hubadilisha kiasi kwa 10, muuzaji kwa 15. Sheria imetaja muuzaji, lakini mzigo umekwenda kwa asiyeweza kukwepa kirahisi.

Kama jibu lako ni bei 11, ulichukua 6 ukaongeza 5. Weka rula kwenye 11 uone: wanunuzi wanataka 10, na muuzaji, akibakiwa na 6 mkononi, bado analeta 60. Ziada ya 50 imekaa rafuni. Ulihamisha bei badala ya kuhamisha mstari. Rudi hatua ya 5.